Utalii Umevuka Bahari, Haujavuka Sabaki

Serikali inasema watalii wamerudi, na kwa hesabu zake haisemi uongo. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi kidogo ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika hata 600,000. Mwaka 2024 wakapita pale walipokuwa, wakakaribia milioni 2.4. Mchoro wa namna hiyo, mstari uliozama kisha ukaibuka, unapendeza ukitundikwa ukutani mwa ofisi ya Nairobi. Kasoro yake ni kwamba mgeni huhesabiwa anapogongewa muhuri, si anapofungua pochi. Aliyekuja mkutanoni Gigiri, Nairobi, kwa siku mbili na aliyekuja Malindi kwa wiki tatu wote ni mtalii mmoja mmoja. Hesabu ya vitanda vilivyolaliwa ipo, lakini hutolewa kwa kanda, na pwani yetu yote ya fukwe hutiwa kapu moja: Diani, Watamu, Malindi, yule anayeshiba na yule anayenusa.

Malindi ni mji ninaoupenda, kwa hiyo siusemi kama mkaguzi. Lakini anayeupenda mji ndiye huona mapema ni nini hakijarudi. Barabara ya Lamu ina uhai tena: maduka ya aiskrimu yamefunguliwa, wazee wa Kiitaliano wamerudi kwenye viti vyao na kahawa zao ndogo, watoto wa njiani wanasalimia kwa “ciao” kabla hawajafikiria “shikamoo”. Tuktuk ni nyingi kuliko abiria. Ila ukitembea upande wa bahari unapita kuta ndefu ambazo nyuma yake makuti yameporomoka na bwawa la kuogelea limeota majani. Hoteli hizo hazikufungwa juzi. Nyingine zilikuwa zimekwisha kufa korona ilipofika, ikasingiziwa. Korona imebebeshwa dhambi nyingi pwani ambazo si zake.

Kilichoua hoteli za Malindi ni kutegemea mteja mmoja, na huo ni ugonjwa wa zamani kuliko utalii wenyewe. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofukuzwa na mashaka ya Mombasa, Malindi ilimpokea, ikampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na kwa karne nzima iliyofuata ikaishi kwa urafiki wa Wareno. Ilikuwa biashara nzuri hadi 1593, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu na kumhamishia mtawala wa Malindi Mombasa, akae karibu na mizinga yao. Mteja alipohama, mji ulinyauka, na kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulikuwa magofu na kichaka. Ukafufuka katika miaka ya 1860 chini ya bendera ya Zanzibar, safari hii kwa nafaka: mtama na ufuta kutoka mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, ukipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Utumwa ulipobanwa, mashamba yakarudi kuwa pori. Halafu wakaja wazungu wa likizo katika miaka ya 1930, walowezi na wavuvi wa samaki wakubwa. Na baada yao Waitaliano.

Waitaliano hawakuletwa na ufuo peke yake. Waliletwa na roketi. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Italia ilisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na kuanzia Aprili 1967 ikawa inarusha setilaiti kutoka karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia humsaidia arushaye. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei. Wakaipa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Uhuru ukapaa angani kutoka mwambao ambao vijiji vyake vya nyuma vilikuwa vikiwasha koroboi. Mafundi na wahandisi wakapeleka habari nyumbani kuhusu mji wenye jua na kamba-mti wa bei rahisi, na kufikia miaka ya 1980 Malindi ilikuwa na pizza nyingi kuliko pilau.

Silaumu. Waitaliano walijenga, wakaajiri, wengine wakaoa wakazeeka hapa. Ninalosema ni kwamba mji ulijipanga upya ukamgeukia mgeni wa lugha moja, anayekuja kwa ndege za kukodi hadi Mombasa, msimu wa Desemba hadi Machi na mwezi wa Agosti, akiwa amelipia kila kitu kabla hajafunga sanduku. Mgeni huyo akipata mafua, Malindi inalazwa. Yalipotokea mashambulizi ya Kikambala Novemba 2002, hakuja. Walipotekwa wageni kule Lamu mwaka 2011, hakuja. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na fukwe zilizo jirani nayo, na kampuni za likizo zikawasomba mamia ya wageni kuwarudisha kwao. Malindi haikuwa hata kwenye orodha ya onyo hilo. Lakini uwanja wa ndege unaoilisha Malindi uko Mombasa, na ramani ikitazamwa kutoka Ulaya pwani yote ni kidole kimoja. Mwezi mmoja baadaye Mpeketoni, kule Lamu, ikashambuliwa, na mjadala ukaishia hapo.

Kisha 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Kilifi ikafungwa, haiingiliki wala haitokeki, hadi mwanzoni mwa Juni. Agosti mosi anga ikafunguliwa. Hapo ndipo ugonjwa wa mteja mmoja ulipojionyesha waziwazi, kwa sababu mlango wa Kenya ulikuwa wazi lakini wa Italia ulikuwa umefungwa kwa ndani. Italia ilikataza safari za starehe kwenda nchi nyingi za nje ya Ulaya, na mwaka 2021 ilipolegeza ilitoa orodha fupi ya nchi zinazoruhusiwa: Maldivi, Shelisheli, Morisi, na nyingine chache. Mwanzoni mwa 2022 ikaongeza kadhaa, kikiwamo kisiwa cha Phuket nchini Thailand. Kenya haikuwamo mara zote mbili. Hadi Italia ilipoachana na utaratibu huo Machi 2022, msimu mwingine wa Malindi ulikuwa umekwisha kupotea. Watu wa mji wenye mitaa ya Kiitaliano walikaa kusubiri waraka wa wizara ya afya ya Roma.

Huo mfano wa Thailand unafaa kutazamwa kidogo, maana ni nchi nyingine inayokula kwa utalii. Mwaka 2019 ilipokea karibu wageni milioni 40. Mwaka 2024 ilikuwa imefika milioni 35 na nusu, yaani kwa hesabu yao bado hawajapona sawasawa, wakati sisi tumeshajipongeza. Lakini Julai 2020, mipaka yao ikiwa imefungwa, serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kuwalipia raia wake asilimia 40 ya bei ya chumba cha hoteli ili watembee nchini mwao. Kulikuwa na udanganyifu, kama panapokuwa na fedha ya serikali popote, lakini wazo lilikuwa wazi: mwenyeji ni mteja, si kiraka. Huku kwetu hoteli ziliteremsha bei, Wakenya wakajaa Krismasi ile, wakapigwa picha ufuoni, wakashukuriwa kwenye hotuba. Mgeni wa nje aliporudi, bei nazo zikarudi kuandikwa kwa yuro. Wapo Wanairobi wa kutosha waliofika Phuket ambao hawajafika Mambrui, na ukiwauliza watakuambia Phuket ilikuwa nafuu.

Nimeitaja Mambrui kwa sababu iko ng'ambo ya Mto Sabaki, na mto huo ndio mpaka halisi wa utalii wa Malindi. Kusini yake kuna kila kitu: ufuo, hifadhi ya bahari ya mwaka 1968, msitu wa Arabuko-Sokoke, na Gede, ambayo Julai 2024 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kaskazini ya daraja unaingia Magarini: mashamba ya chumvi kuelekea Gongoni na Marereni, na ukikata kushoto kuingia bara, mikorosho, minazi inayopungua kadiri bahari inavyobaki nyuma, kisha Marafa, kilomita zisizofika hamsini kutoka Malindi mjini.

Marafa ni kituo cha kawaida cha bara ya pwani, chenye maduka, shule, bodaboda kivulini. Hakuna kinachokuandaa. Unapita nyuma ya nyumba za watu, na ardhi inakatika miguuni pako. Hapo ndipo Nyari, bonde lililochimbika kwa mvua na upepo ndani ya mawe ya mchanga, likaacha miiba na minara na kuta zenye mikunjo, nyeupe juu, kisha waridi, rangi ya machungwa, na wekundu wa damu ya mzee chini. Wanajiolojia wameipa miamba ya aina hii jina la kijiji chenyewe, Tabaka za Marafa, ambalo huenda ndilo tangazo pekee la kudumu ambalo kijiji hiki kimewahi kupata bure. Vipeperushi vya hoteli hupendelea kupaita Jiko la Jehanamu, na saa saba mchana, joto likiwa limejikusanya chini kule pasipopita hata pumzi ya upepo, ni vigumu kuwabishia. Jua likianza kulala upande wa Tsavo, kuta zile hubadilika rangi kila baada ya dakika chache, na hata mtalii aliyekuja kwa sababu safari ilikuwa ndani ya bei hunyamaza.

Uhifadhi wa Nyari una shida yake. Kitu chenyewe ni mmomonyoko. Kila masika hunyofoa kipande cha ukingo na kuteremsha mchanga chini, na bonde hupanuka kuelekea mashambani. Mahali pengine watu hulilia kivutio chao kisibomoke. Hapa kubomoka ndicho kivutio, na shamba la mtu ndilo gharama. Sijawahi kuona sera ya utalii inayosema lolote kuhusu hilo.

Wanaopaendesha ni wenyeji wenyewe. Mwongozaji ni kijana wa pale, atakushusha kwa njia anayoijua kwa nyayo, na njiani atakupa kisa. Palikuwa na ukoo wa matajiri, ng'ombe hawana idadi, maziwa mengi hadi wakawa wanayaogea. Mungu akachukia ule ufisadi wa neema, akawadidimiza wao na mji wao. Kuta nyeupe ni maziwa yao na nyekundu ni damu yao. Kuna kisa cha pili, cha kijiji kilichoonywa kihame na bibi kizee mmoja akakataa. Hicho hakisimuliwi sana kwa wageni, nadhani kwa sababu hakina maziwa. Kisa cha kwanza husimuliwa kila siku kwa watu waliotoka asubuhi kwenye bwawa la kuogelea, katika eneo ambalo ukame wa 2021 hadi 2023 uliwafikisha watu kwenye foleni ya chakula cha msaada. Maji ya Sabaki huchotwa Baricho yakapelekwa Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Mwongozaji huyajua hayo yote. Hayamo kwenye kisa chake kwa sababu hajaulizwa.

Halafu gari linawasha. Safari ya Nyari imeuzwa kama nusu siku: kuondoka hotelini saa tisa, kuona jua likizama, kurudi kwa chakula cha jioni. Lazima kurudi, kwa kuwa chakula hicho kimeshalipiwa Milano. Marafa inabaki na kiingilio, bakshishi ya mwongozaji, na soda iliyonunuliwa na dereva. Malazi, chakula, kinywaji, gari, yote yamelipwa kusini ya daraja au nje ya nchi kabisa. Wageni wakiongezeka mara mbili, Marafa itapata viingilio mara mbili na soda mara mbili. Ndiyo maana maneno “utalii umerejea” hayana uzito hapa. Kilichorejea Marafa ni vumbi la magari.

Na isidhaniwe kwamba nchi hii ya ng'ambo ya mto ilikuwa siku zote ya kuombaomba. Wagiriama walioivuka Sabaki mwishoni mwa karne ya 19 walilima mahindi na mtama wakawa wanauza ziada. Ilikuwa ni ziada hiyo iliyowaudhi Waingereza, kwa kuwa mtu mwenye ghala haendi kufanya kibarua kwenye shamba la mlowezi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu wakala kiapo cha kukataa, akakamatwa na kupelekwa magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi. Mwaka 1914 serikali ililipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, ikachoma nyumba, ikatoza faini ya rupia 100,000, na ikaamuru Wagiriama waondoke kaskazini ya Sabaki kabisa. Baada ya miaka michache walirudi, kwa sababu amri ilishindwa na njaa. Mekatilili amezikwa Bungale, huku huku Magarini. Sanamu yake, hata hivyo, iko Malindi mjini, mahali pazuri pa kupigia picha.

Mpango mkubwa uliofuata haukuja na bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Australia ilifadhili mradi wa makazi wa Magarini: mashine zikafyeka pori, wapimaji wakachora viwanja vya mraba, familia zikagawiwa, na wataalamu wakafundisha kilimo cha nchi kavu kama kinavyofanyika kwao. Mvua ilikataa kufuata ramani, na wakulima nao pia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wafadhili walikuwa wamefungasha. Mradi huo una umaarufu wake: wanafunzi wa maendeleo husomeshwa habari zake vyuoni kama mfano wa msaada ulioshindwa. Magarini imetoa mchango kwa elimu ya dunia.

Kwa hiyo mtu wa Marafa akikutazama bila shauku unapomweleza mkakati mpya wa utalii, usimdhanie uvivu. Amekwisha kuona wageni wenye mipango.

Siwezi kuandika kuhusu bara ya Malindi nikaipita Shakahola kimya. Aprili 2023, katika msitu ulio kwenye njia ya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini waliofunga kula hadi kufa, na hesabu ikapita miili 400, wakiwamo watoto wengi. Kwa wiki kadhaa Malindi ilikuwa kwenye habari za dunia nzima, na walikuwapo waliohofia zaidi msimu kuliko maiti. Nililoona mimi ni lingine. Watu kwa mamia waliishi na kufa kwenye bara ambayo magari ya safari huipita kila siku, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimewashwa, wakikimbilia Tsavo kuona tembo. Bara isiyotazamwa na serikali wala biashara hufanyika ndani yake lolote.

Dawa inayozungumzwa zaidi mjini ni uwanja wa ndege. Njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa mita 1,400 hivi, haibebi ndege kubwa kutoka Ulaya, na kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa kuirefusha hadi kilomita 2.5, na kwa miaka mingi wenye ardhi jirani wamekuwa wakidai fidia. Sipingi. Safari ya barabara ya kilomita 120 kutoka Mombasa inachosha mgeni aliyekesha angani. Ila tujue tunachokijenga: njia ndefu zaidi ya kumleta mteja yule yule mmoja, msimu ule ule, na chakula chake cha jioni kimeshalipiwa. Waraka mwingine ukitoka Roma, au kwingineko, tutakuwa na lami ndefu na tupu.

Mteja wa pili tunaye. Tangu treni ya Madaraka ilipoanza mwishoni mwa Mei 2017, tabaka la kati la Nairobi hushuka pwani likizo zote za shule, na Pasaka, na wikiendi yoyote iliyoangukiwa na sikukuu. Hufika Diani, na siku hizi Watamu, ambayo imejua kuwapokea bila kuwakagua mlangoni. Malindi hawafiki sana, na Marafa hawaijui. Mkenya huyu hakulipia lolote Milano. Hula anapopata njaa, hununua korosho njiani, hukesha, hugombana na bei kisha hulipa. Kwa kijiji kama Marafa, familia moja inayolala usiku mmoja ina faida kuliko basi zima la nusu siku.

Hukumu yangu ni kwamba Malindi haijapona, imepata nafuu, na haitapona kwa kurudi ilivyokuwa, kwa sababu ilivyokuwa ndiko kuugua kwenyewe. Kaunti ya Kilifi ikitaka kuanza pahali, ianze na vitu vidogo vya Marafa: barabara ipitike masika, maji yafike, wanaolima ukingoni mwa Nyari wajue nani atawafidia shamba likidondoka, na nyumba chache za kulala wageni zimilikiwe na watu wa pale.

Na wewe unayepanga likizo ya Desemba, usiishie Watamu. Vuka daraja la Sabaki, fika Marafa saa kumi jioni, ulale huko huko Magarini, na asubuhi mwambie mwongozaji akupeleke Bungale. Kubalianeni bei kabla hamjaanza kutembea, na umlipe yeye mwenyewe, mkononi.